Folda ya Aliyeuliza Kwanza

Papa Neema,

Nimeivuruga diski yako. Naanza na hilo ili lisinikwame kooni, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukitukataza kuzunguka na habari mbaya kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. Basi nimeutua. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu, na wewe leo huna pa kwenda, utanisikiliza.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Kibanda cha nyimbo kipo palepale Nsambya, chini ya hospitali, kwenye njia ya kwenda nyumba za reli. Rangi ya buluu imeanza kubanduka upande unaopigwa na jua. Yule mama wa roleksi, mkaanga chapati za mayai, amehamia ng'ambo ya barabara, moshi wake sasa unawaingia mafundi wa simu na sisi tumepona. Kiti chako nimekitoa. Si kwa chuki. Kilikuwa kimevunjika mguu na wewe ukakiegemeza kwenye matofali miaka yote hiyo, nami sina subira ya kukaa juu ya matofali. Nimenunua cha plastiki.

Sikuandikii ili nilie. Nililia siku mbili, nikaona zinatosha, ya tatu nikafungua kibanda kwa sababu watu walikuwa wamesimama pale na flashi zao mkononi. Wengine hawakuwa na habari. Yule sajini wa Mbuya alikuja na kofia kwapani, akauliza, "Muzee iko wapi?" Nikamwambia tumekuzika Jumamosi. Akavaa kofia, akaivua tena, akatazama chini, halafu akasema basi nimwekee zile zake za siku zote. Nikamwekea. Usifikiri ni dharau, Papa Neema. Mtu ana zamu yake saa nane, afanyeje?

Sasa twende kwenye diski.

Unajua tulivyogombana juu ya folda zako tangu siku ya kwanza. Nilishuka kutoka kwenye nyumba za polisi kule juu nikiwa na cheti changu cha kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, baba yangu anakaribia kustaafu, nahitaji kazi. Ukaniwashia mashine ili uone ninachojua. Nikafungua diski nikaona aibu kwa niaba yako. Kulikuwa na "Folda mpya", na "Folda mpya 2", mpaka kumi na saba. Kulikuwa na "Usifute", kando yake "Usifute kabisa". Kulikuwa na "Za mvua". Kulikuwa na moja inaitwa "Hii", na ndani yake nyingine inaitwa "Hii tena". Nikakueleza, kwa heshima kiasi, kwamba mtu mwenye akili timamu hupanga nyimbo kwa jina la mwimbaji, kisha albamu, kisha namba. Ulinisikiliza mpaka mwisho huku unamenya karanga. Halafu ukaniuliza, "Na huyo mwimbaji anakaa Nsambya?"

Ukaona umeshinda. Kwa miaka sita uliendelea kushinda namna hiyohiyo. Mteja anakuja, hajui jina la wimbo, hajui nani kaimba, anachojua ni kwamba aliusikia kwa jirani. Anasema niwekee zile za Mama Apio wa Reli. Anasema niwekee zile za Hajati wa Kibuli, lakini toa mbili za mwisho. Mimi nakodoa macho, wewe unabonyeza mara tatu, flashi imejaa, mteja huyo anaondoka. Na mtu aliyesimama tu kivulini akisikia kitu kinapigwa akauliza ni nani hao wanaimba, ulimjibu jambo moja tu kila siku: "Umeuliza? Basi ni wako." Nilidhani ni ujanja wa biashara. Nilidhani pia kwamba hayo yote umeyashika kichwani, na nikawa najiambia, siku kichwa hicho kikiondoka, tutafanya nini?

Kiliondoka. Kwa miezi minne nilihangaika. Watu wakisema niwekee zile za fulani, nawaambia wasubiri, nafungua "Folda mpya 9", hakuna, nafungua "Hii", hakuna. Wengine walianza kwenda kwa yule kijana wa karibu na soko, ambaye hajui chochote lakini ana kompyuta nyembamba. Nikasema potelea mbali, sasa mwenye kibanda ni mimi, Mama Neema amenikabidhi mwenyewe, nitapanga ninavyojua.

Kuna programu inayopanga nyimbo yenyewe. Inasoma maandishi yaliyofichwa ndani ya kila faili, pale panapoandikwa mwimbaji, na kila wimbo inaupeleka kwenye folda ya mwimbaji wake. Nikaiweka Jumanne asubuhi, umeme upo, wateja hawapo. Ikaniuliza kama ifute nakala zinazofanana. Nikasema ndiyo. Ikaniuliza kama ifute folda zitakazobaki tupu. Nikasema ndiyo. Ikaniuliza kama nina uhakika. Mimi nina uhakika siku zote, hilo unalijua. Nikavuka barabara kununua chai.

Niliporudi ilikuwa imemaliza. Folda zako zote hazipo, hata "Usifute kabisa" imefutwa. Mahali pake kulikuwa na orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti, safi, kama nilivyotaka siku zote. Nikaketi nisome majina ya waimbaji. Afande wa Trafiki. Akello. Apio. Dada wa Maziwa. Fundi Cherehani wa Juu. Hajati Kibuli. Mlinzi wa Lango la Nyuma. Sajini Mbuya. Sista wa Maabara. Yule wa Kiatu Kimoja. Nikashuka, nikashuka, nikafika mwisho. Sikuona mwimbaji hata mmoja. Ilikuwa Nsambya nzima imejipanga mbele yangu na majirani zake.

Papa Neema, nilikasirika. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Miaka yote hiyo mtu mzima anakaa anaandika majina ya wateja mahali pa mwimbaji, wimbo mmoja mmoja, na hamwambii msaidizi wake! Programu haikukosea. Ilifanya kama ilivyotumwa. Wewe ndiye uliyeijaza watu.

Hasira ile ilikaa siku mbili, kisha Mama Neema akaja kibandani.

Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakitazama kidogo. Alikuja kuniambia wameitwa. Ndiyo, wameitwa. Baada ya miaka tisa ya kuhojiwa kama wakimbizi na kupimwa na kuambiwa subirini, simu imelia, safari ya Kanada imepatikana, yeye na Neema na wadogo zake wawili, wiki tatu tu zimebaki. Umeikosa kwa miezi mitano. Sisemi zaidi juu ya hilo, nikisema nitatukana na barua itaharibika.

Akanieleza kwamba kila mtu anaruhusiwa mzigo wake kwa kipimo. Sufuria anagawa, godoro amempa jirani, kinu cha kutwangia sombe, majani yake ya muhogo, anakiacha kwa machozi. Anataka kitu kimoja tu kutoka kwangu. Ile kaseti ya kwaya ya nyumbani, ya kanisa lenu kule milimani juu ya Uvira, ambayo mlikimbia nayo mmeifunga kwenye kitenge. Kaseti yenyewe ililiwa na redio, utepe ukatoka wote kama matumbo ya kuku, lakini wewe ulikuwa umemwambia asihuzunike, sauti zote umeshazihamishia kwenye diski. Hakuwahi kukuuliza ziko wapi humo. Mwenye diski ulikuwepo, angeuliza ya nini?

Halafu akaniambia, polepole, bila kunitazama, "Akello, wale watu wote wamo mle ndani. Nikienda bila wao, huko nitakuwa kama mtu aliyeanguka kutoka hewani tu."

Nikamwambia ipo, mama, nitakuwekea kwenye flashi. Nikamnunulia soda. Nilisema uongo bila kupepesa, na nikamsindikiza mpaka kwenye kona.

Kwa hiyo nilitafuta. Nitakuelezea nilivyotafuta, kwa sababu nataka ujue kwamba sikufanya kwa mkono mmoja. Nilifungua kwanza kwa jina lake. Hakuna folda ya Mama Neema. Nikatafuta lako. Hakuna. Mtu ana duka la nyimbo na hana hata wimbo mmoja wenye jina lake. Neema alikuwa na folda, imejaa vitu vya vijana vinavyopiga kelele. Wadogo zake walikuwa na nyimbo za katuni. Nikafungua ya mchungaji wenu: kwaya zilikuwepo nyingi, lakini za Lubumbashi na za Nairobi, zenye vinanda vya kisasa. Nikatafuta neno kwaya. Nikatafuta neno kaseti. Nikasema, upande mmoja wa kaseti ni faili ndefu, nikazipanga zote kwa urefu, nikapata mahubiri na zile nyimbo za harusi zilizounganishwa pamoja. Basi nikaanza kusikiliza folda moja baada ya nyingine, sekunde kumi kwa kila wimbo, kati ya mteja na mteja, tangu kufungua mpaka kufunga.

Nimejua mambo ya watu, Papa Neema. Sajini wa Mbuya, na mabega yale, nyimbo zake zote ni za wanawake wanaobembeleza. Hajati ana kaswida nzuri sana, na katikati yake kuna rumba moja ambayo sitamtaja nayo mbele ya mtu. Baba yangu ana folda. Baba, ambaye nyumbani akisikia redio anasema punguzeni kelele, ana nyimbo tano za kinubi cha adungu za kwao Lango, na mahali pa jina la wimbo wewe umeandika "huu alirudia mara tatu". Nilimpigia simu kule Lira anakokaa tangu astaafu, nikamuuliza. Akaniuliza kama mvua imeshanyesha huku. Nikamwambia imenyesha.

Niliruka folda chache tu. Niliruka za shule ya chekechea. Niliruka zile zilizobaki bila jina lolote, nikiziweka kwa mwisho. Niliruka na ya kwangu. Ilikuwa palepale juu, baada ya Afande wa Trafiki, imeandikwa Akello, na nilipoichungulia niliona "mazoezi 1", "mazoezi 2", hadi tisa. Nikaijua. Ni zile za wiki yangu ya kwanza, uliponifundisha kutoa sauti kwenye kaseti na kuikatakata, nikawa nakata katikati ya neno kama mtu anayechinja kuku kwa kijiko. Nikafunga. Sikuwa na hamu ya makosa yangu ya zamani wakati nilikuwa na mapya mkononi.

Siku zikaenda. Usiniulize nilikuwa najisikiaje. Nilikuwa naogopa, ndiyo jibu. Ile programu ilikuwa imefuta nakala zinazofanana kwa ruhusa yangu, na mimi sikujua ilichoona kinafanana ni kipi. Kila nikimaliza folda bila kuwapata, nilikuwa nawaona wale watu wa kanisani, ambao siwajui sura, wamesimama kwenye mstari na mimi ndiye niliyewafuta kwa kidole kimoja, nikaenda kunywa chai. Mama Neema alipita mara mbili. Mara zote mbili nilijifanya nina mteja mgumu.

Zilipobaki siku nne nikafunga kibanda saa sita mchana na kupanda kwake. Nilijiambia afadhali anitukane akiwa bado Kampala.

Chumba kilikuwa kitupu, sauti inarudi. Sombe ilikuwa jikoni, na yeye anakunja nguo za watoto na kuzipima kwa mkono, hii inaenda, hii inabaki. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote, programu, ndiyo zangu tatu, chai, uongo, wiki mbili na zaidi za kusikiliza. Sikuacha kitu. Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alikunja suruali ya mtoto, akaifungua, akaikunja tena. Kisha akaniuliza nimetafuta wapi.

Nikamwambia nimetafuta kwa jina lako, mama, na kwa jina la Papa, na kwa majina ya watoto, na ya mchungaji.

Akatikisa kichwa. Nadhani alikuwa karibu kucheka.

"Kwangu huwezi kuipata," akasema. "Papa Neema aliandika jina la mtu aliyeuliza kwanza. Mimi niulize nini? Mimi nilikuwa naimba."

Hapo nikakumbuka, Papa Neema. Nikakumbuka vizuri mpaka na harufu ya karanga. Ilikuwa siku yangu ya tatu au ya nne. Ulinipa kaseti isiyo na karatasi, isiyo na jina, ukaniambia jifunzie hii, ukiharibu hakuna atakayelia. Nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza. Kulikuwa na mchakacho, mabenchi yanasogezwa, mtu anakohoa, mtu anatangaza. Halafu mwanamke mmoja akaanza peke yake, kwa lugha nisiyoijua, juu kabisa, kabla wengine hawajamfuata. Mimi si mtu wa nyimbo. Lakini nilivua zile spika, nikageuka, nikakuuliza, "Huyu mama ni nani?"

Ulikuwa umesimama mlangoni umenipa mgongo. Ukasema, "Umeuliza? Basi ni wako." Ukatoka kwenda kununua vocha na ukachelewa sana kurudi. Nilidhani kulikuwa na foleni.

Sikumuaga Mama Neema. Nilikimbia. Mtu mzima, na sketi ya kubana, nimeteremka ile njia mbele ya polisi waliokuwa wenzake baba yangu wakiniuliza, "Nani anakufukuza?" Nikafungua kufuli, nikawasha, nikafungua Akello, nikabonyeza namba moja.

Mchakacho. Mabenchi. Kikohozi. Kisha mwanaume kijana akasema kwa Kiswahili cha kwenu, na tabasamu ndani yake, kwamba sasa watatoa wimbo wao wa tatu na watu wasimame kama wanaweza. Ilikuwa ni wewe. Miaka sita iliyopita sikuijua sauti ile kwa sababu nilikuwa na siku tatu tu na wewe. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikalia mpaka mteja aliyekuwa dirishani akaondoka zake. Kwa hiyo pale juu nilipoandika siku mbili, zihesabu kuwa tatu.

Nilikuwa nimezikata vibaya sana. Vipande tisa, viwili vinaanza katikati ya pumzi. Nilivifanyia kazi kutwa nzima ya kesho yake, nikaviunganisha, nikalainisha mishono. Kati ya cha tano na cha sita kuna sekunde moja haipo. Niliikata mwenyewe siku ile na kuitupa, na kaseti haipo tena ya kuirudisha. Nimemwambia Mama Neema ukweli. Akasema hapo ndipo walipokuwa wakivuta pumzi, atavuta mwenyewe.

Alishuka kibandani kusikiliza. Alianza na spika za masikioni, kisha akaniomba niitoe kwenye spika kubwa, barabara yote isikie. Nikafungua pale panapoandikwa mwimbaji. Nikafuta jina langu, nikamwambia nitajie. Hatukuharakisha. Alifumba macho akawa anawataja walivyosimama siku ile, kutoka kushoto, na baada ya kila jina anaongeza neno moja, huyu alibaki njiani, huyu yuko kambini na wajukuu, huyu sijui alipoishia. Yule mwanamke anayeanza peke yake ni dada yake mkubwa. Anaitwa Nyota. Alikufa mwaka ule mliokimbia. Nimekaa na swali lile miaka sita bila kujua nimelibeba, na sasa nimejibiwa.

Ishirini na wawili. Nikaandika wote. Wa mwisho alikuwa ni sauti ya chini kabisa, upande wa kulia, inayoingia baada ya wengine wote kuwa wameshaingia. Mama Neema akafungua macho, akasema huyo ndiye wewe, kila wimbo ulikuwa ukichelewa kidogo, kiongozi wa kwaya akachoka kukusema. Nikaanza kuandika Papa Neema. Akanishika mkono.

"Wakati ule Neema hakuwepo," akasema. "Andika Isaya."

Nikaandika. Jina lako nilikuwa nimeliona mara moja tu kabla ya hapo, kwenye msalaba.

Waliondoka Alhamisi, asubuhi na mapema, kwa basi lililowachukua na familia nyingine. Flashi Neema ameivaa shingoni kwa uzi, ndani ya nguo, na nakala nyingine iko kwenye mfuko wa chini wa begi la mama yake, na nyingine kwenye simu, maana sasa mimi nimekuwa mtu wa nakala. Mama Neema alinikumbatia, akaniambia nikitunze kibanda. Yule mdogo aliniuliza kama Kanada kuna karanga. Nikamwambia zipo. Sijui kama zipo. Basi likaondoka, nikarudi kufungua, kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

Nakujulisha pia kwamba sitapanga tena. Orodha imebaki ilivyotoka, Nsambya na Kibuli na Mbuya kwa alfabeti, na ukweli ni kwamba inafanya kazi vizuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Mtu akisema niwekee zile za Dada wa Maziwa, nabonyeza mara mbili. Wewe ulikuwa unabonyeza mara tatu. Sisemi ulikosea. Nasema tu mara mbili ni chache kuliko tatu. Yule kijana wa karibu na soko amewarudisha watu wetu wote, hata na wateja wake kadhaa.

Ile folda ya Akello nimeiacha na jina langu, kwa kuwa niliuliza. Humo ndani, mahali pa mwimbaji, kwa mara ya kwanza katika diski yako yote, wameandikwa waimbaji. Juzi nilikuwa nakagua ule mshono wa kipande cha tano, Mama Apio wa Reli akawa anapita na ndizi zake. Akasimama. Akatua kapu. Akaniuliza ni nani hao. Nilikuwa na watu wanne wanasubiri, mmoja wao afande, na afande hapendi kusubiri. Nikamsomea majina yote, kuanzia Nyota. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimwekee. Jana jirani yake akaja na memori kadi yake, akaniambia, "Niwekee zile za Akello."

Basi ahadi yangu ni kuendelea hivyohivyo nilivyoanza na Mama Apio. Kila atakayeuliza ni nani wanaimba nitamsomea majina ishirini na mawili, taratibu, hata foleni ifike hospitalini, na lako nitalisoma la mwisho, mahali pake. Kisha nitaandika la aliyeuliza.

Kaa salama huko, Isaya. Sauti yako imechelewa kidogo kama kawaida, lakini imeingia.

Akello
Kibandani, Nsambya